Basi Kuukuu la Mji na Mnunuzi Wake: Funzo Kutoka Nchi Jirani

Katika miji mikubwa ya nchi jirani, basi la abiria huwa na maisha mawili. Maisha ya kwanza huyapitisha kazini, likiwapeleka wafanyakazi viwandani alfajiri na kuwarudisha makwao jioni, hadi siku ile kampuni inapoamua kwamba limetosha. Siku hiyo hung'olewa kibao cha njia, huegeshwa uani, na hatimaye hupigwa mnada. Hapo maisha ya pili huanza. Mnunuzi huwa ni shule, kwaya, klabu ya mpira, mkulima mwenye vibarua wengi, au mtumishi aliyestaafu ambaye ameshika kiinua mgongo chake mkononi na anatafuta mahali pa kukiweka.

Jambo hili linawahusu askari wa jeshi na polisi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kazi: askari wa usalama barabarani ndiye anayelisimamisha basi hilo na kuamua kama liendelee na safari au lisiendelee. Njia ya pili ni ya nyumbani. Askari naye hustaafu, naye hupokea malipo yake ya mkupuo baada ya miaka mingi ya utumishi, na bei ya basi kuukuu humwita kwa sauti tamu. Kosa la siku moja mnadani laweza kumeza jasho la miaka 20 au 30. Kwa hiyo yafaa kuangalia majirani wamepitia nini, na kujifunza kabla ya kulipa.

Swali la kwanza ambalo mnunuzi hulisahau ni hili: ikiwa basi bado linatembea, kwa nini kampuni inaliuza? Jibu liko katika hesabu. Kila mwaka unaopita, gharama ya kulitengeneza basi hupanda, na siku za kulala karakana huongezeka. Hufika wakati ambapo fedha za kulitunza basi moja kuukuu zinakaribia zile za kulipia basi jipya. Nchini Marekani, serikali kuu inapousaidia mji kununua basi kubwa, huutaka mji huo ulitumie kwa muda usiopungua miaka 12 au maili 500,000, yaani karibu kilomita 800,000. Basi lililokwenda umbali huo limeizunguka dunia takriban mara 20. Linapofika mnadani linaweza kuwa na rangi nzuri na injini inayonguruma vizuri, lakini mwenye nalo amekwisha kupiga hesabu, na hesabu imemwambia auze. Mnunuzi asiyepiga hesabu yake mwenyewe hununua mbuzi kwenye gunia.

Historia ya majirani inaonyesha jinsi basi linavyoweza kuchakaa upesi pasipo matunzo. Nchini Kenya, kampuni ya mabasi ya Nairobi ilianza mwaka 1934. Mwaka 1986 serikali ilianzisha shirika la mabasi ya Nyayo, ambalo mabasi yake yaliendeshwa na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, chombo kinachofanana kwa mengi na Jeshi la Kujenga Taifa la hapa Tanzania. Mabasi mengi yalitoka Ulaya kwa msaada. Vijana walikuwa nadhifu, nauli ilikuwa nafuu, na wananchi waliyapenda mabasi yao. Lakini usimamizi wa fedha ulilegea na vipuri vikakosekana, na ilipofika katikati ya miaka ya 1990 shirika lilikuwa limekwisha kusambaratika. Nidhamu ya dereva peke yake haikutosha, kwa kuwa nyuma ya kila dereva mwenye nidhamu lazima pawe na ghala lenye vipuri na karakana yenye mafundi.

Nchini Uganda lilitokea jambo la namna nyingine. Mwezi Machi 2012, kampuni moja iliingiza mabasi makubwa 100 ya Kichina katika barabara za Kampala, ambazo zilizoea magari madogo ya abiria 14. Desemba 2013, mamlaka ya mapato iliyazuia kwa ajili ya deni la kodi, nayo yakaegeshwa. Mabasi yale hayakuwa makuukuu. Yalikuwa na umri usiozidi miaka miwili. Lakini gari lililoegeshwa muda mrefu juani na mvuani huzeeka bila kwenda popote. Betri hufa, mipira ya kuzuia mafuta hukauka na kupasuka, tairi hupata nyufa ubavuni, maji huingia katika tangi la dizeli, na panya hula nyaya za umeme. Mnunuzi anayeambiwa, "Basi hili halikutembea sana," anapaswa kuuliza palepale: lilisimama wapi, na kwa nini? Tena ajue kwamba deni la kodi au la benki laweza kuendelea kulifuata gari hata likiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kuna tofauti kubwa kati ya basi la mjini na basi la safari ndefu, na wanunuzi wengi hawaijui. Basi la mjini limeundwa kusimama na kuondoka mamia ya mara kwa siku. Giaboksi yake imepangwa kwa nguvu ya kuondoka kuliko kwa mwendo wa barabara kuu. Kwa sababu hiyo, breki, giaboksi na milango ndivyo vitu vinavyochoka kwanza, hata kama injini ingali nzima. Mabasi mengi ya kisasa ya mjini yana sakafu ya chini ili wazee na walemavu wapande bila shida. Sakafu hiyo ni neema kwenye lami, lakini ni balaa kwenye barabara ya kijijini yenye mawe na makorongo, kwa maana tumbo la gari li karibu mno na ardhi. Aidha, basi la mjini huwa na viti vichache na nafasi kubwa ya kusimama. Mnunuzi hutaka viti zaidi, naye huwaita mafundi wa mtaani waviongeze. Kiti kilichofungwa kwa skrubu kwenye ubao wa sakafu, bila kushikwa na fremu ya chuma, hung'oka siku ya ajali na kuwaponda waliokikalia.

Tofauti nyingine ni ya upande. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji hupita upande wa kushoto wa barabara. Rwanda, Burundi na Kongo hupita upande wa kulia. Mlango wa basi la mjini huwekwa upande wa ukingo wa barabara. Kwa hiyo basi lililozeeka Brussels au Paris, likiletwa Dar es Salaam au Nairobi, milango yake hufungukia katikati ya barabara, mahali malori yanapopita. Kuhamisha usukani tayari ni kazi kubwa. Kuhamisha milango ni kulikata basi ubavu na kudhoofisha mifupa yake. Huko Burundi, ambako magari mengi yenye usukani wa kulia huingizwa ingawa wao hupita kulia, abiria wa gari ambalo mlango wake haukuhamishwa hushukia upande wa magari yanayopita. Ndiyo maana mabasi yaliyotumika ya Japani na Uingereza, nchi ambazo nazo hupita kushoto, yanaafiki barabara za pwani hii kuliko yale ya Ufaransa au Ujerumani.

Serikali jirani zimeweka sheria kuhusu mambo haya. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na kwa magari ya kawaida hutaka usukani uwe kulia. Uganda, kuanzia mwaka 2018, iliyafungia mlango magari yaliyozidi miaka 15 tangu kuundwa. Sheria hizo hulalamikiwa na wafanyabiashara, lakini shabaha yake ni moja: nchi isigeuzwe jalala la vyuma vya wengine. Na askari walioko Namanga, Sirari, Horohoro au Mutukula wanajua kwamba basi lililonunuliwa mnadani ng'ambo ya mpaka haliwi la Tanzania kwa kuvuka mpaka tu. Lazima lipite forodha, lilipiwe ushuru, likaguliwe na kusajiliwa upya. Anayepita kwa namba za kigeni na kuendelea kulitumia kimya kimya hajapata nafuu; ameahirisha hasara yake.

Sasa yafaa kueleza jinsi basi kuukuu linavyokaguliwa. Askari anaelewa maana ya upelelezi kabla ya mapambano, na ukaguzi wa gari ni upelelezi.

Kwanza ni karatasi. Jina la muuzaji liwe ndilo lililoandikwa kwenye kadi ya gari. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ile ya kadi, herufi kwa herufi. Daftari la matengenezo liombwe. Kampuni nzuri ya usafiri huandika kila kipuri kilichobadilishwa na tarehe yake, na daftari hilo lina thamani kuliko rangi mpya.

Pili ni chini ya gari. Mnunuzi avae nguo za kazi, alale chini, na ashike tochi na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali kikigongwa. Chuma kilicholiwa na kutu hulia kwa sauti iliyokufa. Mabasi yaliyotoka nchi za baridi kali yamepita miaka mingi juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chesisi kimya kimya. Penye kutu, muuzaji mjanja hupaka puti na rangi. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mnunuzi na atazame kidonda, asitazame unyemi.

Tatu ni breki. Basi kubwa hutumia breki za upepo. Injini iwashwe mpaka mishale ya geji za upepo ifike kiwango chake, kisha izimwe. Breki ikanyagwe na kushikiliwa kwa dakika moja. Mshale ukishuka haraka, upepo unavuja mahali fulani, na gari hilo lisiondoke hapo mpaka fundi ameuona mvujo. Baada ya hapo gurudumu lifunguliwe, na ngoma ya breki itazamwe kama imelika au imepasuka kwa joto.

Nne ni injini, nayo ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha injini kabla ya mnunuzi kufika huenda ana neno analolificha. Moshi mweusi usiokoma huonyesha dizeli isiyoungua vizuri. Moshi wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa moto waweza kuwa dalili ya maji kuingia ndani, au ya dizeli isiyoungua kabisa.

Tano ni giaboksi. Mabasi mengi ya mjini yana giaboksi ya kujibadilisha yenyewe. Dereva huipenda, lakini ikifa, gharama ya kuifufua yaweza kukaribia bei ya basi lenyewe lililonunuliwa mnadani. Mafuta yake yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, biashara na isimame hapo.

Sita ni milango. Milango hiyo hufunguliwa kwa upepo. Ijaribiwe ikiwa na upepo na ikiwa haina. Kishikio cha kuufungua mlango wakati wa hatari lazima kifanye kazi, na mlango wa dharura usiwe umezibwa na kiti kilichoongezwa. Basi linaloshika moto ni kaburi ikiwa mlango hauna njia ya kufunguka kwa mkono.

Baada ya bei ya kununua, inafuata bei ya kuendesha, nayo ndiyo inayowaangusha wengi. Basi la mjini la mita 12 hutumia takriban lita 35 za dizeli kwa kila kilomita 100. Shule inayolitembeza kilomita 60 kwa siku, siku 22 za mwezi, itakwenda kilomita 1,320 na kuteketeza lita zipatazo 462 kila mwezi. Kwaya ya Nairobi ikialikwa Mombasa, umbali wa karibu kilomita 480, safari ya kwenda na kurudi itahitaji lita zipatazo 336. Basi lenye ekseli mbili hukanyaga tairi sita kubwa, na huhitaji betri mbili, kwa sababu umeme wake ni wa volti 24. Linahitaji pia uwanja wa kuliegesha, mlinzi, bima, na dereva mwenye leseni ya daraja la basi. Dereva wa gari dogo, hata awe mwerevu vipi, hawezi kukabidhiwa chombo chenye uzito wa zaidi ya tani 10 kabla ya abiria kupanda.

Suala la vipuri ndilo linaloamua kama basi kuukuu litaishi au litageuka banda la kuku. Mfano mzuri unatoka mbali kidogo. Uingereza iliunda mabasi ya ghorofa yaitwayo Routemaster, jumla yake 2,876, kati ya mwaka 1954 na 1968. Yaliondolewa katika njia za kawaida za London tarehe 9 Desemba 2005, lakini mengi yangali hai mikononi mwa watu binafsi, yakibeba maharusi na watalii. Hayakuishi kwa bahati. Bodi zake ziliundwa kwa aluminiamu isiyoshikwa na kutu kama chuma, na sehemu zake zilipangwa ziweze kufunguliwa na kubadilishana kati ya basi moja na jingine. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi la aina ngeni, ambalo hakuna jingine kama hilo katika mkoa mzima, litamlazimu mwenye nalo kuagiza kila kipuri kutoka mbali. Basi la aina inayojulikana, ambayo mafundi wa mjini wameifungua na kuifunga mara nyingi, ni bora hata kama bei yake ni ya juu.

Kisha linakuja suala la sheria baada ya ununuzi. Nchini Kenya, kanuni zilizoanza kushikiliwa kwa nguvu Februari 2004 ziliyataka magari ya abiria yawe na kidhibiti mwendo, mikanda ya usalama, na mstari wa njano ubavuni. Basi likiacha kazi ya abiria na kuwa mali ya mtu binafsi, alama kama hiyo na jina la kampuni havina budi kufutwa, ili abiria wasidanganyike na wahalifu wasipate pazia la kujifichia. Likinunuliwa na shule, sheria ya Kenya ya mwaka 2017 hulitaka lipakwe rangi ya njano na lisisafirishe wanafunzi usiku. Katika nchi zote hizi, kanuni ya msingi ni moja: mwenye basi binafsi akianza kutoza nauli, basi hilo limekuwa la biashara, nalo linadaiwa leseni, ukaguzi na bima ya biashara. Visingizio vya "tunachangia mafuta" au "hawa ni wageni wa harusi" vinajulikana katika kila kizuizi cha barabarani. Askari anayevikubali kwa kupewa kitu kidogo huwauza abiria, kwa sababu bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi yaweza kukataa kulipa siku ya msiba, na wajane na mayatima wakabaki mikono mitupu.

Wala asiseme mtu kwamba basi lisilotoza nauli halina hatari. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Kitui nchini Kenya, basi la seminari lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi. Maji yalilisukuma na kulizamisha, na zaidi ya watu 30 walifariki. Wazamiaji wa jeshi la majini walikuwa miongoni mwa waliopiga mbizi katika maji yale ya matope kuwatafuta. Chanzo hakikuwa uchakavu wa basi. Kilikuwa ni uamuzi wa kuvuka. Lakini msiba ule ulifundisha kwamba shule, kanisa au familia inayomiliki basi imechukua dhamana ileile ya kampuni kubwa ya usafiri, bila kuwa na wakaguzi wala wasimamizi wa safari wa kampuni hiyo. Lazima awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema, "Leo hatuendi," naye asikilizwe.

Je, basi kuukuu lisinunuliwe kabisa? La, hasha. Shule nyingi zisingekuwa na usafiri wowote kama kila basi lingekuwa jipya. Liko basi la kufaa, nalo hupatikana na mnunuzi mwenye subira. Kundi la wastaafu wanaotaka kununua kwa pamoja na wamlipe fundi asiyejuana na muuzaji alikague. Watenge akiba ya matengenezo ya mwaka wa kwanza kabla hawajalipa bei, na ikiwa fedha hazitoshi kwa yote mawili, basi hazitoshi kununua. Waandike nani atashika funguo, nani atashika daftari, na basi litasimamishwa lini likaguliwe. Kwa askari mstaafu hilo si jambo geni, kwani alipokuwa kazini hakuondoka na gari kabla ya kulikagua na kutia sahihi.

Kwa aliye kazini bado, yule wa kizuizini usiku akiwa na tochi mkononi, wajibu ni mwepisi kuutaja na mzito kuutimiza: aangalie tairi, breki, leseni, mlango wa dharura na idadi ya watu, bila kujali kama ubavuni pameandikwa jina la shule, la kwaya au halikuandikwa lolote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kampuni ya mji inapoliuza basi lake hujivua mzigo, na mzigo huo humwangukia mnunuzi siku ileile anapopokea funguo.